Anayefunga Mpira Hupanda

"Mpira hufa lini?"

Fundi aliniuliza akiwa amechuchumaa ndani ya banda lake la mabati, Wawi, na mvua ilikuwa inapiga juu yetu kwa kishindo hata ikambidi aulize mara ya pili. Nilikuwa na shahada ya fizikia, miezi minane ya kukaa nyumbani nikisubiri ajira ya ualimu, na tabia mbaya ya kulijibu swali nisilolijua kwa swali jingine.

"Kwani mpira una roho, Fundi?"

Kaka yangu akacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo ya baba yetu, mwenye kucha nyeusi zisizotakata hata siku ya Idi, na alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

Zilikuwa zimebaki siku mbili Ramadhani iishe. Kaka alikuwa amenichukua makusudi. "Wewe ndiye uliyesoma mambo ya vitu kuteleza," aliniambia njiani. "Nichagulie mipira."

Kaka ana pikapu. Kila alfajiri huipeleka Tumbe, ikapakiwa samaki, na kabla jua halijawa kali huwa yuko sokoni Chake. Vijana wenye pikapu kama yeye ni wengi, na kila mmoja anaamini hakuna anayeijua njia ya Tumbe kuliko yeye. Ubishi wao wa mwaka mzima humalizwa siku moja, Idi tatu, kwenye kipande cha lami kuukuu kilichoachwa pale barabara mpya ilipopitishwa kwengine. Hawashindani ubavu kwa ubavu, njia haitoshi. Kila mmoja huenda peke yake. Mwenzao mmoja husimama mwanzo na simu, mwengine mwisho na simu, na yule wa mwanzo akipiga ukelele "Katoka!" wa mwisho huanza kuhesabu saa.

Kipande chenyewe ni kifupi. Kinaanza juu kwenye minazi, kinateremka, kinakata kona ya kushoto juu ya bonde la mpunga, halafu kinanyooka. Kona hiyo haina ukingo. Wakati wa kiangazi, anayetoka nje ya lami huteremka kwenye bonde kavu, akachekwa mpaka Idi nyingine. Lakini miaka hii Idi imeangukia masika, na masika lile bonde ni maji. Mwaka mmoja nyuma gari moja lilikuwa limeteleza pale likasimama na gurudumu moja hewani. Dereva wake hakushiriki tena, wala hakusema kwa nini. Mimi niliposimuliwa habari ile sikucheka. Nilijiuliza jambo moja tu: pikapu ikiingia mle kichwa chini, milango itafunguka? Nikapiga hesabu ya uzito wa maji juu ya mlango. Jibu nililolipata sikumwambia mtu.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa Fundi sikwenda kwa mchezo. Nilikwenda kwa sababu nilimwogopea kaka yangu, na dawa yangu ya kuogopa siku zote imekuwa kupima.

Palikuwa na seti mbili. Ya kwanza kaka aliipata Chake, mipira ya mtumba iliyokuja kutoka nje na kukaa ghalani kwa muda asioujua hata aliyeiuza. Ilikuwa na kashata nzima. Vile vitofali vya juu ya mpira vinavyouma barabara mafundi wetu huviita kashata, kwa kuwa vimekatwakatwa kama kashata za nazi kwenye sinia. Seti ya pili ilikuwa ya Fundi mwenyewe. Ilikuwa mipira iliyokwisha kuwa vipara, naye akaichonga upya kwa kisu cha moto, mfereji kwa mfereji, kwa mkono. Ukiitazama ungeona mistari inayumba kidogo, kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza.

Nilitoa kijiti cha kibiriti, nikakitumbukiza kwenye mfereji wa mpira wa mtumba, nikaweka alama kwa ukucha. Nikafanya hivyo hivyo kwenye mpira wa kuchonga. Wa mtumba ulikuwa na kina karibu mara mbili.

"Maji lazima yapate pa kupita," nikawaeleza. "Mfereji ukikosa kina, maji yanabaki chini ya mpira, gari linaelea. Huu una mfereji wa kina kirefu. Hakuna zaidi."

Fundi aliuchukua ule mpira wa mtumba, akaukandamiza kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akauinamia na kuunusa.

"Huu umekufa," akasema.

"Unajuaje?"

"Najua."

"Kujua si jibu, Fundi. Umepima nini?"

"Mwanangu, miye nauuliza mkono, mkono nao huniambia." Ndipo akaniuliza mpira hufa lini, nami nikamjibu ule upuuzi wa roho.

Ningependa kuandika kwamba nilimkatalia kwa hoja. Kweli ni kwamba ile pua yake ndiyo iliyoniudhi. Nimekulia katika kisiwa ambacho watu hujua mambo mengi bila ya kusema wameyajuaje, na chuoni nilikwenda ili niondokane na hilo. Mtu anayenusa mpira na kutoa hukumu alinikumbusha watu wote walioniambia nyamaza, wakubwa wanajua. Nikamgeukia kaka.

"Hii yenye kina. Mimi nimekwambia. Akili ni yako."

Kaka akatutazama sote wawili, mmoja baada ya mwengine. Kisha akasema, "Tunafunga ya bi msomi."

Fundi akaitoa jeki. Alipomaliza kukaza nati ya mwisho alijifuta mikono, akanipa ile spana.

"Shika."

"Ya nini?"

"Miye sikuifunga mipira hii. Mkono wangu umefunga, lakini aliyefunga weye. Na siye kuno, anayefunga hupanda."

Nilidhani mzaha. Kaka akanieleza, huku akikwepa macho yangu, kwamba ndiyo desturi yao. Zamani fundi mmoja alisahau kukaza nati, gurudumu likachomoka njiani, na tangu hapo wakakubaliana: siku ya Idi tatu, fundi aliyefunga mipira ya gari hukaa humo humo ndani, kiti cha pembeni, kutoka juu mpaka chini.

"Mimi kukaa ndani kutaubadilisha mpira?" nikauliza.

"Mpira haubadiliki," Fundi akasema. "Waweza kukataa, hapana neno. Lakini basi na mipira tuitoe."

Nilijua nini kitatokea nikikataa. Wangeicheka pikapu ya kaka mpaka mwakani, dada yake kaogopa hesabu zake mwenyewe. Lakini halikuwa hilo peke yake. Nilihisi kwamba kama ile mipira ni salama vya kutosha kwa kaka, ni salama vya kutosha kwangu. Na kama si salama kwangu, nilikuwa namchagulia nini? Nikaipokea spana. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia.

"Nitapanda," nikasema.

Kuanzia hapo hofu ikahamia nyumbani kwetu. Idi mosi tulikula pilau, nikatoa na kupokea mkono wa Idi kwa jamaa wote, nikavaa nguo mpya, na muda wote jicho langu lilikuwa uwani, pale pikapu ilipoegeshwa chini ya upenu wa paa. Idi pili, mama alipokwenda kwa majirani, nilitoka nikachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Nilitaka kuthibitisha tu. Nikakandamiza ukucha kwenye kashata kama alivyofanya Fundi. Ukucha ukateleza bila ya kuacha alama. Nikavua kandambili yangu, nikaikandamiza soli yake, ukucha ukazama. Nikajaribu tena mpira. Ilikuwa kama kukandamiza sahani.

Halafu nikaona nyufa. Ubavuni mwa mpira, karibu na chuma, palikuwa na mistari myembamba sana iliyokwenda pamoja, kama ya midomo iliyokauka siku ya kumi na tano ya saumu. Nikaisugua kwa kidole cha mate. Nilijiambia ni uchafu. Nikasugua tena, haikutoka, na bado nikajiambia ni uchafu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema siku ile. Kaka alikuwa ndani, analala mchana. Banda la Fundi ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mimi ambaye sikubali jambo lolote mpaka nione ushahidi, ushahidi ulikuwa chini ya ukucha wangu, nikasimama nikajipangusa magoti. Sikuwa na hakika, hiyo ni kweli. Sikuwa nimesoma popote ugumu wa mpira unahusiana vipi na kuteleza kwenye maji. Lakini kutokuwa na hakika hakukunizuia kumbishia Fundi. Kulinizuia kumwambia kaka tu.

"Una nini wewe?" mama aliniuliza jioni. "Hata kashata hujagusa." Alikuwa na maana ya kashata za kwenye sinia. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Idi tatu kuliamka na mvua. Si ile ya kupiga na kupita. Ilikuwa mvua ya kukaa, nyembamba, ya kuloanisha kila kitu polepole. Tulimuaga mama kwamba tunakwenda kuwapa watu mkono wa Idi upande wa Kiuyu. Akamwambia kaka aendeshe taratibu, utelezi. Kaka akasema, "Inshallah, mama." Nikaitikia na mimi.

Kule juu kwenye minazi walikuwepo madereva na mafundi wao, wamejifunika mifuko ya nailoni vichwani, na wanawake wachache wamesimama mbali na mwavuli mmoja. Habari yangu ilikuwa imetangulia.

"Yakhe, kaja na mwalimu!" mmoja akapiga kelele. "Leo kona itasahihishwa kwa kalamu nyekundu!"

"Bibie, umesoma dua ya safari au umesoma kitabu?"

"Vyote viwili," nikajibu, na wakapenda jibu hilo, wakanipigia makofi. Sauti yangu ilitoka vizuri. Spana ya Fundi nilikuwa nimeificha ndani ya buibui, na nilishukuru kwamba buibui ni pana.

Nilitazama magari matatu ya mwanzo kwa jicho la mtu anayekwenda kufanyiwa kitu hicho hicho. La kwanza lilipita konani likiserereka kidogo nyuma, likajirekebisha. La pili lilikwenda taratibu mno, wakalizomea. La tatu lilipotea nyuma ya kona na kwa muda hatukusikia injini. Watu wote walinyamaza. Kisha simu ikalia kwamba limefika, na kila mtu akaanza kusema kwa pamoja. Katika ukimya ule mfupi nilielewa kwamba wote walikuwa wanaogopa. Mizaha yote ile ilikuwa ya watu wanaoogopa.

Zamu yetu ilipofika tukapanda, na Fundi akaja akasimama upande wangu, dirishani. Nilidhani atanikumbusha maneno yake. Akauvuta mkanda wangu kuhakikisha umekamata.

"Fundi," nikasema kwa sauti ya chini, "ubavuni kuna nyufa."

"Nimeziona."

"Sasa?"

Akamtazama kaka, ambaye alikuwa anafuta kioo kwa kanga kuukuu ya mama. "Mwambie," Fundi akasema. "Kauli ni yako, si yangu."

Nikageuka. "Kaka."

"Ee."

"Usikimbize konani."

"Sikimbizi."

"Nasema kweli. Mipira hii siiamini."

Aliacha kufuta. Mvua ilikuwa inateremka kwenye kioo upande wake, na uso wake ulikuwa na kivuli cha maji yale, kikienda chini bila ya kukoma. Mwanzoni nilidhani atakasirika. Akasema tu, "Sasa hivi ndiyo unaniambia?" Na kabla sijajibu, yule mwenye simu akaupiga mkono juu ya boneti, akapaza sauti, "Katoka!"

Tukatoka.

Mteremko niliukumbuka baadaye vipande vipande. Vifuta-kioo vilikuwa vinachelewa. Palikuwa na harufu ya samaki isiyotoka kwenye pikapu ile hata ikioshwa kwa sabuni ya unga. Nyuma tulikuwa tumeweka magunia mawili ya mchanga kuipa uzito, na niliyasikia yakiteleza kutoka ubavu hadi ubavu kama watu wawili waliolewa. Kaka alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili. Siku zote huendesha kwa mmoja. Akapunguza gia. Akagusa breki, mguso mdogo tu, na hapo nikajua.

Gari halikupunguza mwendo. Hakukuwa na mlio wala kishindo. Tulikuwa tunakwenda vile vile, laini, lakini sasa hakuna aliyekuwa anatuendesha. Nilihisi sehemu ya nyuma inakuja upande wangu, polepole, kana kwamba inataka kutupita. Mbele ya kioo minazi iliondoka, likaja bonde, mpunga umesimama ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mbali kabisa kibanda cha kulindia ndege. Nilikiona kibanda kile kwa uwazi wa ajabu. Nikafumba macho. Nilikamata mlango kwa mkono mmoja na spana ya Fundi kwa mwengine, kwa maana nilikuwa nimeiweka mapajani sijui kwa sababu gani, na sikusoma dua yoyote. Nilijiambia neno moja tu: yeye anaona. Yeye anaona.

Kisha kitu kikatupiga kwa chini, tukarushwa, meno yakagongana, na tukasimama.

Nilipofumbua, pikapu ilikuwa imetazama tulikotoka. Gurudumu la nyuma la upande wangu lilikuwa juu ya majani, hatua mbili kutoka pale ardhi inapokatika. Tulikuwa tumeivuka kona tukizunguka. Injini ilikuwa imezimika. Kaka alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Umeumia?"

"Hapana. Wewe?"

"Hapana. Tumepata muda gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na yeye akaanza kucheka, na sikuweza kumsamehe kicheko kile kwa wiki nzima.

Muda hatukupata. Yule wa chini, aliposikia kelele, aliitupa simu akaja mbio. Wote walikuja mbio, wakiteleza kwenye lami ile ile, mmoja akaanguka kifudifudi na hakuna aliyemcheka. Fundi alikuja wa mwisho kwa kuwa goti lake ni bovu. Aliizunguka pikapu, akainama kwenye kila gurudumu, akalishika. Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme, kwa kweli, ingekuwa nafuu.

"Tushukuru," akasema. "Twendeni tukabadilishe."

Ikabidi niulize mwenyewe. Kuuliza kwangu ni ugonjwa. "Fundi, ile mipira yako ya kuchonga ingeshika?"

Akafikiri. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani. "Labda ingeshika. Na labda ingepasuka, niliichonga sana. Sijui, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui, na iliniogopesha kuliko kona. Nilikuwa nimeshaanza kujipanga upande wake. Nilidhani nitatoka pale nikiwa na mtu wa kumwamini.

Wiki ile nilisoma kila nilichoweza kukipata kwenye simu. Nikajifunza kwamba mpira hukauka hata usipotembea, kwamba ugumu huo ndio unaouzuia kuishika lami iliyolowa, na kwamba kina cha kashata hakisaidii kitu mpira wenyewe ukiwa umegeuka jiwe. Nikajifunza pia kwamba ubavuni pameandikwa tarakimu nne, wiki na mwaka uliotengenezwa. Nilikwenda bandani kwa Fundi, nikaipata mipira yetu imetupwa nyuma, nikaipangusa tope. Ilitengenezwa nikiwa bado naanza shule ya msingi. Nikamwita Fundi nikamwonesha, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu.

Akazitazama zile namba. "Hii inasema mpira umezaliwa lini," akasema. "Miye nilikuuliza unakufa lini." Akarudi kwenye kazi yake.

Kaka aliendelea kupeleka samaki Chake, kwa mipira mipya. Idi zilizofuata hakushiriki. Nilidhani amenihurumia, au mama amejua na kumkataza, au amekua tu. Nilikuwa na nadharia tatu na sikumwuliza hata moja. Baadaye akaoa. Mimi nikapata ajira, nikahamia karibu na shule.

Ni juzijuzi tu, miaka imeshapita, nilikuwa kwa wifi yangu tunachagua mchele, tukawa tunasimuliana aibu zetu. Nikampa ile ya kona. Siku hizi naisimulia kwa kuchekesha, na sehemu ya kuchekesha ni mimi: msomi wa fizikia, mtu wa ushahidi, nimefumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, najiambia kaka anaona.

Wifi hakucheka. Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Hajakwambia?" akauliza.

"Hajaniambia nini?"

"Na yeye alifumba."